Marvin Hamlisch na Ustadi wa Kutosema Mapema

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanafunzi wa muziki na wa sanaa za maonyesho, mabibi na mabwana,

Nilipoombwa kutoa mhadhara huu niliambiwa nimzungumzie mtunzi mmoja wa Kimarekani aliyetungia jukwaa na pia filamu, na kwamba uchaguzi ni wangu. Najua wengi wenu mlitarajia nimtaje Leonard Bernstein, mwenye heshima ya kumbi kubwa za okestra, au Stephen Sondheim, ambaye wanafunzi wa fasihi humpenda kwa ukali wa maneno yake. Nimemchagua Marvin Hamlisch. Jina lake halitajwi sana madarasani, na linapotajwa huambatana na dharau kidogo, kana kwamba mtu aliyetunga nyimbo zinazopendwa na kila mtu hawezi kuwa na jambo la kutufundisha. Naona dharau hiyo haimstahili, na leo nitajaribu kueleza kwa nini.

Umbo la maisha yake lenyewe ni la ajabu. Alizaliwa New York tarehe 2 Juni 1944, akafariki Los Angeles tarehe 6 Agosti 2012 akiwa na umri wa miaka 68. Kufikia majira ya kuchipua ya mwaka 1976, kabla hajatimiza miaka 32, alikuwa ameshatunukiwa Oscar 3 za filamu, Grammy 4 za muziki wa rekodi, Tony ya jukwaa na Pulitzer ya uandishi na sanaa. Baadaye zikaja na Emmy, tuzo za televisheni, naye pamoja na Richard Rodgers ndio watunzi wawili waliowahi kuzikusanya zote tano. Hivyo basi alibakiwa na miaka 36 ya kuishi na kufanya kazi baada ya kufika kileleni, na miaka hiyo nayo nitaigusa, ingawa kwa haraka kuliko ile ya mwanzo. Hata hivyo sikuja hapa kuhesabu tuzo. Ninachotaka tukitazame ni ustadi mmoja tu, ambao naamini ndio uliokuwa kiini cha kazi yake, nao ni kujua ni wakati gani muziki useme na ni wakati gani uuzuie ulimi wake.

Tuanze nyumbani kwao. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa Vienna waliohamia Marekani, na baba yake, Max, alikuwa mpiga kodiani na kiongozi wa bendi. Nawaomba wale waliolelewa na taarab wasiipite kodiani hii haraka. Sisi tunaijua kazi yake: mpiga kodiani mzuri hasimami mbele ya mwimbaji, bali huingia pale mwimbaji anapovuta pumzi, akajaza nafasi, kisha akarudi nyuma. Sisemi kwamba Vienna na Zanzibar zilifundishana. Nasema tu kwamba mtoto aliyekua akimsikiliza mpiga kodiani wa bendi ya dansi alifahamu mapema kwamba muziki una mwenyeji wake, na kwamba mara nyingi mwenyeji huyo si mpiga ala.

Alipokaribia umri wa miaka 7 alipokelewa katika kitengo cha watoto cha shule ya muziki ya Juilliard. Kipaji kilichowashangaza walimu kilikuwa sikio lake, kwa maana aliweza kuusikia wimbo redioni, akaupiga kwenye piano papo hapo, kisha akaurudia katika ufunguo wowote aliotajiwa. Walitaka awe mpiga piano wa matamasha. Lakini, kama alivyosimulia mwenyewe katika tawasifu yake ya mwaka 1992, hofu ya kupanda jukwaani peke yake ilikuwa ikimtibua tumbo hadi akaugua kabla ya kila onyesho, na kijana huyo akatambua kwamba maisha ya namna ile hayamfai. Alipenda nyimbo za Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho mjini New York, na alipenda kuwa chumbani na watu wengine wanaotengeneza kitu kwa pamoja. Shahada yake aliipata katika Chuo cha Queens mjini New York mwaka 1967, wakati tayari alikuwa amekwishaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mpiga piano wa mazoezi. Mwaka 1964, akiwa hajatimiza miaka 20, aliajiriwa katika maandalizi ya tamthilia ya muziki iitwayo Funny Girl, iliyotungiwa muziki na Jule Styne na kuongozwa jukwaani na sauti ya msichana mmoja wa Brooklyn aliyeitwa Barbra Streisand. Hamlisch alisaidia pia kupanga sauti za waimbaji, na hakuona haya kusimulia kwamba sehemu ya kazi yake ilikuwa kumletea nyota huyo donati za chokoleti.

Naomba nikae kidogo juu ya kazi hii, kwa sababu jina la anayeifanya haliandikwi kwenye bango na ndiyo maana wanahistoria huiruka. Mpiga piano wa mazoezi huketi pembeni ya chumba kuanzia asubuhi hadi usiku. Mistari ileile minane huipiga mara ishirini kwa ajili ya wachezaji dansi, halafu huirudia polepole kwa ajili ya mwimbaji aliyesahau maneno, halafu huikatisha katikati kwa kuwa mwongozaji ameinua mkono. Mimi mwenyewe niliwahi kuifanya kwa miaka michache, katika vikundi visivyo na fedha, na ninaweza kuwaambia kwamba kinachochosha si vidole. Kinachochosha ni kusikiliza. Inakubidi uone mwimbaji anachoka wapi, wimbo unachelewesha kisa wapi, na ni sauti ipi nzuri kabisa ambayo haina budi kuondolewa kwa sababu inamfunika anayesema. Mtunzi anayeanzia kwenye kinara cha kiongozi wa okestra huchukua muda mrefu kuyajua mambo hayo. Hamlisch aliyajua kabla hajatunga tamthilia yake ya kwanza.

Hatua ya kuingia katika filamu ilikuja kwa njia ileile ya kutumikia wengine. Mtayarishaji Sam Spiegel alimwajiri apige piano katika karamu, wakazungumza, na matokeo yake yakawa muziki wa filamu The Swimmer ya mwaka 1968, ambamo Burt Lancaster anaigiza mwanamume anayeamua kurudi kwake kwa kuogelea kupitia mabwawa ya majirani. Kabla ya hapo alikuwa ameshapata wimbo uliovuma redioni kwa sauti ya Lesley Gore, na baada ya hapo akatunga muziki wa filamu mbili za kwanza za vichekesho za Woody Allen. Ni kazi nzuri za kijana, lakini sitaziongelea zaidi.

Mwaka 1973 ndio uliobadilisha kila kitu, na ulikuwa na filamu mbili.

Ya kwanza ni The Way We Were, iliyoongozwa na Sydney Pollack. Streisand ni Katie, mwanaharakati mwenye msimamo usiopinda, na Robert Redford ni Hubbell, mwandishi mwenye sura ya kuvutia asiyependa ugomvi. Wanapendana, wanaoana, na wanashindwana. Mtunzi aliyepewa kisa kama hicho hukabiliwa na mtego. Kila mtazamaji anajua kwamba mapenzi haya yana huzuni, na njia rahisi ni kutunga melodi katika skeli ya simanzi, ile ambayo wanamuziki huiita maina, na kuiacha ilie tangu dakika ya kwanza. Hamlisch alieleza baadaye kwamba aliikataa maina kwa makusudi, kwa sababu ingewaambia watazamaji mengi mno mapema mno. Akatumia meja, skeli ambayo kwa kawaida tunaihusisha na uchangamfu, na matokeo yake ni melodi inayokumbuka bila kulalamika. Rekodi yenyewe inaanza kwa mwimbaji kuvumisha tu, bila maneno, kama mtu aliye peke yake jikoni, na maneno ya Alan na Marilyn Bergman yanaingia baada ya sauti kuwa imekwisha kutufikisha mahali pa kukumbuka. Kuna jambo jingine kuhusu filamu hii, tena pengine ndilo muhimu zaidi, lakini naomba mniruhusu niliweke hadi mwishoni.

Filamu ya pili ni The Sting ya George Roy Hill, kisa cha matapeli wawili wa enzi ya mdororo mkubwa wa uchumi, mwaka 1936. Hapa Hamlisch hakutunga melodi kuu. Hill alikuwa amependezwa na muziki wa piano wa Scott Joplin na alitaka filamu yake ijengwe juu ya muziki huo, na kazi ya Hamlisch ikawa kuupanga upya kwa ajili ya ala na kuugawa katika filamu. Wataalamu walilalamika kwamba muziki huo haulingani na zama za kisa, na kwa kalenda walikuwa sahihi kabisa, maana The Entertainer ulichapishwa mwaka 1902, zaidi ya miaka 30 kabla ya mambo yanayosimuliwa. Lakini sikilizeni unavyotumika. Haulii chini ya mazungumzo, bali huja katikati ya sehemu moja na nyingine, kama mtu anayefungua pazia akaondoka, na wahusika wanapopanga utapeli wao muziki hunyamaza kabisa. Filamu ya utapeli haina budi kumtapeli pia mtazamaji, na muziki ambao ungedokeza nani anamdanganya nani ungeiharibu. Ragtaimu ya Joplin, yaani ule muziki wake wa piano wenye mapigo yanayorukaruka, ina uchangamfu usiofungamana na upande wowote, na haidokezi kitu.

Siwezi kuipita sehemu hii bila kusema neno juu ya Joplin mwenyewe, kwa sababu ndipo penye swali la haki. Alikuwa Mmarekani mweusi, mwana wa baba aliyezaliwa utumwani, na alifariki New York mwaka 1917 akiwa amevunjika moyo kwa sababu opera yake, Treemonisha, haikupata kuonyeshwa ipasavyo katika uhai wake. Ilingoja hadi mwaka 1972 ndipo ikaonyeshwa kikamilifu mjini Atlanta. Kabla Hollywood haijamkumbuka, mpiga piano Joshua Rifkin alikuwa ameshamrekodi mwaka 1970, na Gunther Schuller alikuwa ameufufua muziki wake kwa kikundi kidogo cha ala mjini Boston, na mpangilio wa Hamlisch ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya njia waliyoisafisha hao. Filamu ilipovuma, rekodi ya The Entertainer ilipanda hadi nafasi ya 3 katika Billboard, chati ya nyimbo zinazovuma Marekani, ikiwa na jina la Hamlisch juu yake, na watu wengi duniani wakadhani yeye ndiye aliyeutunga wimbo. Yeye hakuwahi kudai hivyo, na mara kwa mara alimtaja Joplin. Hata hivyo ninyi mnaopanga upya nyimbo za wazee wetu mkumbuke kwamba jina linaloandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada ndilo linalobaki kichwani mwa msikilizaji, hata aliyeandikwa angekanusha vipi. Mwaka 1976 Joplin alitunukiwa Pulitzer maalumu, miaka 59 baada ya kifo chake, katika mwaka uleule ambao Hamlisch alipata ya kwake.

Tarehe 2 Aprili 1974, Hamlisch, kijana wa miaka 29 mwenye miwani mikubwa, alipanda jukwaa la Oscar mara tatu katika usiku mmoja: kwa wimbo na kwa muziki wa The Way We Were, na kwa mpangilio wa The Sting. Kwa kipimo cha Hollywood, mlango uliokuwa wazi mbele yake haukuwa na kizingiti. Angeweza kutaja bei yake.

Alichofanya ni kurudi New York kufanya kazi kwa malipo madogo katika jumba la maonyesho la mtayarishaji Joseph Papp, mbali na Broadway, kwa mwaliko wa mwongozaji na mbunifu wa dansi Michael Bennett. Bennett hakuwa na hadithi mkononi. Alichokuwa nacho ni kanda za tepurekoda. Januari 1974 kundi la wachezaji dansi wa Broadway, wale wanaosimama nyuma ya nyota na ambao hakuna anayejua majina yao, walikutana usiku kucha wakasimulia maisha yao mbele ya kinasa sauti: utotoni, nyumbani, miili yao, hofu yao ya kuzeeka na kufukuzwa. Kutokana na kanda hizo James Kirkwood na Nicholas Dante, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa wachezaji hao, waliandika maandishi ya tamthilia, Edward Kleban akaandika maneno ya nyimbo, na Hamlisch akatunga muziki. Hawakuandika kwanza kisha wakafanya mazoezi. Waliandika, wakajaribu na waigizaji, wakatupa, wakaandika tena, miezi na miezi. Mpiga piano wa mazoezi alikuwa amerudi katika chumba anachokijua.

Kazi hiyo ni A Chorus Line. Inaonyesha usaili wa siku moja: watu 17 wamesimama kwenye mstari mweupe, nafasi ni 8, na mwongozaji aliyeketi gizani anawataka wajieleze. Ilifunguliwa mwaka 1975 katika ukumbi wa viti 299, na tarehe 25 Julai mwaka huohuo ikahamia ukumbi wa Shubert, Broadway, ambako ilionyeshwa mara 6,137 hadi tarehe 28 Aprili 1990. Ilipata Tony 9 pamoja na Pulitzer ya tamthilia, ambayo waligawana waundaji wote watano, Bennett akiwemo.

Nataka niwaonyeshe sehemu tatu ambamo muziki unajizuia. Ya kwanza ni ndogo na inachekesha. Mhusika mmoja, msichana mwenye ulimi mkali, anaimba jinsi alivyoshindwa usaili mwingi hadi alipokwenda kwa daktari wa upasuaji kuongezewa maungo. Katika maonyesho ya mwanzo wimbo huo haukumchekesha mtu, na waandaaji hawakuelewa kwa nini, hadi walipogundua kwamba jina la wimbo lilivyochapwa katika ratiba lilikuwa limetaja maungo yenyewe, hivyo mtazamaji alikuwa ameshausoma mzaha kabla ya kuusikia. Walibadilisha jina. Ukumbi ukacheka kila usiku kwa miaka 15. Hawakugusa hata noti moja.

Ya pili ni kijana Paul. Kila mhusika mwenzake anasimulia maisha yake kwa wimbo au kwa kipande cha wimbo, na msikilizaji anazoea kwamba penye hisia kali patakuja melodi. Inapofika zamu ya Paul, anasimulia alivyokuwa akicheza katika kikundi cha wanaume wanaovaa mavazi ya kike, na jinsi wazazi wake walivyomkuta pale bila kutarajia. Ni kisa kilichotoka katika maisha ya Dante. Ndicho kilele cha uchungu wa tamthilia nzima, na kinasimuliwa kwa maneno matupu, bila wimbo. Jaribuni kufikiria ni watunzi wangapi, wenye Oscar 3 kabatini, wangekubali kuketi kimya kwenye sehemu ambayo hadhira italia. Mimi nikiulizwa ni wapi Hamlisch alionyesha ukubwa wake katika kazi hii, nitataja ukurasa huo ambao hakuuandikia kitu.

Ya tatu ni wimbo One. Tunausikia kwanza kama zoezi, wachezaji wakijifunza hatua, wakihesabu, wakikemewa kwa sababu mmoja wao anang'aa kuliko wenzake. Melodi inakuja kwa vipande, ikikatizwa na mawazo yao. Haturuhusiwi kuusikia mzima hadi mwisho kabisa, usaili ukiwa umekwisha, ndipo wanapotoka wote katika mavazi ya dhahabu na kofia ndefu zinazofanana. Maneno yanamsifu mtu mmoja wa pekee asiye na kifani, na wanaoyaimba ni watu ambao dakika ile ile tumeshindwa kuwatambua mmoja mmoja, baada ya saa mbili za kujifunza majina na majeraha yao. Nyota anayesifiwa haonekani kamwe. Muziki ni wa shangwe tupu, hauna hata chembe ya kejeli, na kwa sababu hauna kejeli ndiyo maana unauma.

Sitaki mdhani kwamba nasifu kila kitu. Wimbo uliovuma zaidi nje ya jukwaa, What I Did for Love, naona ndio ulio dhaifu ndani ya jukwaa. Mchezaji mmoja ameanguka na kuumia, wenzake wanaulizwa watafanya nini siku ambayo hawataweza kucheza tena, na jibu lao ni wimbo mpana ambao ungeweza kuimbwa na mtu yeyote kuhusu mapenzi yoyote. Kleban mwenyewe hakuupenda sana, kwa sababu aliuona umeandikwa kwa ajili ya redio. Hapo Hamlisch hakujizuia, na inasikika.

Miaka iliyofuata ilianza vizuri. Mwaka 1977 alitunga muziki wa filamu ya James Bond, The Spy Who Loved Me, pamoja na wimbo wake Nobody Does It Better, wenye maneno ya Carole Bayer Sager na sauti ya Carly Simon. Mwaka 1979 yeye na Sager, kwa maandishi ya Neil Simon, walileta They're Playing Our Song, tamthilia ya watunzi wawili wanaopendana na kukwaruzana, iliyoonyeshwa mara 1,082. Katika filamu Ordinary People ya mwaka 1980, iliyoongozwa na Robert Redford, alitumia kanoni ya Pachelbel, muziki wa zamani ambamo ala huigana kwa zamu, badala ya kulazimisha melodi ya kwake juu ya familia inayoomboleza bila kukubali kwamba inaomboleza, na naamini harusi nyingi za leo zinazoingiza bibi harusi kwa kanoni ile zina deni fulani kwa filamu hiyo.

Kisha jukwaa likamgeuka. Jean Seberg, iliyoonyeshwa London mwaka 1983 katika National Theatre, ilipokelewa vibaya. Smile ya mwaka 1986, aliyoitunga na mwandishi wa maneno ya nyimbo Howard Ashman kuhusu mashindano ya urembo ya wasichana, ilifungwa baada ya maonyesho 48. The Goodbye Girl ya mwaka 1993 ilifika 188, na Sweet Smell of Success ya mwaka 2002 ilifika 109. Smile inanihuzunisha kuliko nyingine. Ashman alitoka katika anguko hilo akaenda Disney, akamchukua mwigizaji mmoja wa Smile, Jodi Benson, akampa sauti ya binti nguva katika The Little Mermaid, na utanzu mzima wa katuni zenye nyimbo ukafufuka. Ufufuo huo ulikuwa na mtunzi mwingine, Alan Menken. Hamlisch aliachwa upande wa pili wa mlango.

Kwa nini hakurudia ushindi wa A Chorus Line? Wengine husema kipaji kiliisha, nami siamini. Naona jambo lililomwishia ni chumba. Bennett na Kleban walifariki mwaka 1987, Kirkwood mwaka 1989, Dante mwaka 1991. Pazia la A Chorus Line liliposhuka mwaka 1990, kati ya wale watano walikuwa wamebaki wawili tu, na mwaka uliofuata akabaki yeye. Mtunzi ambaye ustadi wake ulikuwa kuwasikiliza watu waliomo chumbani alihitaji chumba chenye watu wa aina ile, na watu wa aina ile hawapatikani kwa kutangaza nafasi za kazi.

Alipata vyumba vingine. Kuanzia mwaka 1995 alikuwa kiongozi mkuu wa matamasha ya muziki mwepesi ya okestra ya Pittsburgh, kisha ya okestra za miji mingine kadhaa, na mwaka 1994 aliongoza okestra ya Streisand katika ziara iliyomletea Emmy zake za kwanza. Yule mtoto aliyekuwa akiugua kabla ya kupanda jukwaani alikuwa sasa anaketi kwenye piano mbele ya maelfu, akiwaomba watazamaji wamtajie jina lolote la wimbo usiokuwepo, kisha akiutunga na kuuimba palepale. Ni mchezo wa Juilliard uliokua, ila safari hii hakuwa akisailiwa.

Na kazi nzuri ya filamu alikuwa nayo bado. Mwaka 2009 Steven Soderbergh alimpa The Informant!, ambamo Matt Damon anaigiza mtumishi wa kampuni anayefichua njama za kupanga bei huku yeye mwenyewe akiwa mwongo na mwizi. Hamlisch alitunga muziki mwepesi na wenye majigambo, unaolingana na jinsi mtu huyo anavyojiona na usiolingana kabisa na anachokifanya. Unatembea naye kwa furaha hadi shimoni. Ni hila ileile ya The Sting, ila safari hii melodi zilikuwa zake. Soderbergh alimwita tena kwa filamu kuhusu mpiga piano Liberace, Behind the Candelabra, iliyotoka mwaka 2013. Hamlisch hakuiona ikionyeshwa. Alifariki kiangazi cha mwaka 2012, tamthilia yake mpya ikiwa jukwaani mjini Nashville, na kumbi za Broadway zikapunguza taa zao kwa dakika moja kwa heshima yake.

Sasa nilipe deni nililoliweka. Katika tukio la mwisho la The Way We Were, Katie na Hubbell wanakutana kwa bahati barabarani New York, miaka baada ya kuachana. Wanasalimiana, wanaambiana machache, na Katie anaziondoa nywele kwenye paji la uso la Hubbell kama alivyozoea kufanya zamani. Hamlisch aliona kwamba melodi kuu ilikuwa imeshatumika mara nyingi katika filamu, akaizuia isiingie hapo. Kisha, kama alivyosimulia, akaketi miongoni mwa watu katika onyesho la majaribio akiwatazama nyuso, na tukio lilipofika hakuona mtu anayelia. Alirudi studioni akakirekodi upya kipande hicho, melodi ikiwemo, na alipoketi tena na watazamaji alisikia wakilia. Mtu ambaye nimewasifia kwa kunyamaza alikuwa amenyamaza mahali pasipo pake, na alilijua hilo kwa kuwatazama watu.

Fundi wetu wa mitambo ameshakiandaa kipande hicho. Kina dakika chache tu. Naomba taa zizimwe, na nawaomba mfumbe macho mara ya kwanza, msikilize melodi inaingia kwenye neno lipi. Kisha tutakirudia macho yakiwa wazi, ndipo tuanze maswali.